Kabla ya kununua mashua ya tanga, mfikirie atakayekuja kuinunua kwako

MKAZI wa mtaa wa Milimani jijini Nakuru akitazama upande wa kusini siku isiyo na ukungu, huliona ziwa limetandaa chini yake. Asichokiona humo ni tanga. Ziwa Nakuru limo ndani ya mbuga ya taifa tangu 1968, maji yake ni ya magadi, na si mahali pa mtu kwenda kujifunzia ubaharia.

Hali ni hiyo hiyo katika Elmenteita na Bogoria, maziwa ambayo pamoja na Nakuru yaliorodheshwa na UNESCO mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia. Kaskazini zaidi kuna Baringo, lenye maji matamu, lakini lina mamba na viboko. Kwa hivyo, mtu wa Milimani anayetamani kuendesha chombo kisukumwacho na upepo pekee aghalabu huishia kuelekea Naivasha, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kwa barabara kuu ya kwenda Nairobi.

Huko, katika ufuo unaokabili Crescent Island, kuna klabu ya wapenzi wa mashua za tanga, Naivasha Yacht Club. Atakayekwenda kutazama kwa mara ya kwanza Jumapili alasiri, wakati upepo umechangamka na matanga meupe yanakata maji, anaweza kurudi nyumbani akiwa tayari kumlipa mtu wa kwanza atakayemwambia kwamba anauza chombo. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kununua.

Sababu ni kwamba soko la vyombo vya aina hii nchini ni dogo mno. Mtu anayenunua gari anajua kwamba siku akichoka nalo, Nakuru yenyewe ina maelfu ya watu wanaoweza kulitaka. Anayenunua mashua ndogo ya tanga anaingia katika soko ambalo wanunuzi wote wa mwaka mzima pengine wangeenea katika matatu moja, na wengi wao wanafahamiana. Bei atakayoipata siku ya kuuza huwa kwa kiasi kikubwa imekwisha kuamuliwa siku aliyonunua: kwa aina ya chombo alichokichagua, kwa hati alizozidai au kutozidai, na kwa maji aliyoamua kukielezea chombo hicho.

Chombo kinachozungumziwa hapa si jahazi wala dau. Ni mashua ya urefu wa mita mbili na ushei hadi tano hivi, isiyo na injini wala chumba, ibebayo mtu mmoja au wawili, na inayoweza kuvutwa juu ya trela na gari la kawaida. Badala ya mkuku mzito, ina ubao mwembamba unaoteremshwa majini kupitia tundu lililo katikati yake. Ubao huo huizuia mashua isisukumwe ubavu na upepo, na ndio unaoiwezesha kupiga bisho, yaani kuupanda upepo kwa kukata kushoto kisha kulia, kama wafanyavyo manahodha wa Pwani tangu jadi.

Aina inayojulikana kuliko nyingine zote ni Laser, iliyobuniwa na Bruce Kirby wa Kanada na kuanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu 2019 jina lake rasmi katika mashindano ni ILCA, ingawa ufuoni wengi wangali wanaiita kwa jina la zamani. Ina urefu wa mita 4.2, mwili wake una uzito wa kilo 59 hivi, na zaidi ya 200,000 zimeundwa. Imekuwemo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Atlanta mwaka 1996.

Kwa anayewaza kuuza baadaye, sifa kubwa ya mashua hii haimo katika mbio zake. Mwili ule ule mmoja hupokea matanga ya ukubwa wa aina tatu. Kubwa lina mita 7.06 za mraba na humfaa mtu wa kilo 80 hivi, la kati lina mita 5.76, na dogo, ambalo hutumiwa na vijana, lina mita 4.7. Kinachobadilishwa ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Hivyo basi, chombo kilichonunuliwa na baba mnene kinaweza kuuzwa kwa msichana wa miaka 15 bila ya kubadili mwili wake, na muuzaji mwenye matanga mawili ana wanunuzi mara mbili.

Ipo pia Optimist, kisanduku cha mita 2.3 kilichobuniwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947 kwa ajili ya watoto. Mzazi anayenunua Optimist ana hakika ya jambo moja: mtoto ataizidi kimo, kwa kuwa mashindano yake ni ya walio chini ya umri wa miaka 16. Kwa hiyo huuzwa mara kwa mara, kama sare ya shule, na yenye hali nzuri haikai muda mrefu bila ya mtu kuiulizia mahali ambapo watoto wengine wanafunzwa kwa chombo hicho hicho.

Kwa wenzangu wa kazi ya magazeti, kuna mbili ambazo hadithi yake inafurahisha. Enterprise, yenye matanga ya buluu, ilichorwa na Jack Holt mwaka 1956 kwa udhamini wa gazeti la News Chronicle la London. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror nalo likaja na Mirror, ya mita 3.3, yenye matanga mekundu, iliyochorwa na Holt huyo huyo pamoja na Barry Bucknell, na ambayo mnunuzi aliletewa mbao za plaiwudi zilizokwisha kukatwa akaziunganisha mwenyewe nyumbani kwa kuzishona kwa waya na kuziba mishono kwa gundi na utepe wa faibaglasi. News Chronicle lilizimika 1960. Enterprise zingali zinaelea.

Kwa nini anayeanza ashikamane na aina kama hizi, badala ya chombo kizuri cha ajabu ambacho hakuna mwingine anacho? Ni kwa sababu ya vipuri na kwa sababu ya soko. Mashua ya aina inayojulikana ina vipimo vilivyowekwa rasmi, kiasi kwamba usukani uliotoka Mombasa utaingia katika chombo kilichoko Naivasha. Chombo cha pekee kikivunjika kana, yaani ule mkono wa kuongozea usukani, mwenyewe atamtafuta seremala na kumwomba abuni. Isitoshe, mnunuzi wa kesho atataka kushindana na wenzake, na mbio za chombo kimoja hazina mshindi.

Ushauri wa kwanza basi ni kutonunua. Katika vilabu vya mashua mara nyingi kuna wenye vyombo vya watu wawili wanaokosa mtu wa pili, na mgeni aliye tayari kulowa na kuamrishwa hupokewa kwa furaha. Akiwa baharia wa mwenzake kwa miezi mitatu au minne, atajifunza kutweka tanga na kulitua, atajua kama mgongo wake unastahimili kuketi ukingoni, na jambo ambalo hakuna tangazo litakalomwambia, atajua ni vyombo vipi ambavyo wenyewe wanavisifu na ni vipi vinavyohamishwa kutoka mkono hadi mkono kila mwaka.

Muda huo utamwezesha pia kulijua ziwa. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yachafukayo, na waliolipa jina hilo hawakukosea. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa shwari, mara nyingine tanga hulegea kama nguo iliyoanikwa. Baada ya saa sita mchana upepo huanza kuvuma, na kufikia saa tisa au saa kumi unaweza kuwa mkali wa kutosha kumrudisha ufuoni hata aliyezoea. Mtu aliyeonyeshwa chombo saa tatu asubuhi kwa hiyo hajaonyeshwa kitu.

Kupinduka ni sehemu ya mafunzo. Mashua hizi zina nafasi zilizofungiwa hewa, hazizami zinapopinduka, na mwenyewe huziinua kwa kusimama juu ya ule ubao wa katikati na kuvuta ukingo wa chombo hadi tanga litoke majini. Swali ambalo mnunuzi wa umri wangu, aliyevuka miaka 50, anapaswa kujiuliza ni kama baada ya hapo anaweza kujivuta na kupanda tena akiwa amechoka na amevaa jaketi la kuokolea maisha. Alijaribu lini? Na kama hakujaribu, atajaribu mbele ya nani?

Hili si la mzaha katika ziwa lenye viboko. Mnamo Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko akiwa ufuoni mwa Naivasha, na wavuvi hushambuliwa mara kwa mara. Mchana wanyama hao hupenda kukaa majini karibu na mafunjo, na huko huko ndiko chombo kisichoweza kuupanda upepo kinakosukumiwa. Mwanafunzi asiye na jaketi, asiye na mwenzake majini, na asiyejua kupiga bisho hana haja ya kuulizia bei ya mashua kwa sasa.

Anayeshawishika kuagiza mashua ya mbao kutoka Lamu na kuipandisha bara naye afikirie mara mbili. Mafundi wa Matondoni ni mabingwa, na hakuna anayepinga uzuri wa kazi yao. Lakini chombo kilichoungwa kwa mbao na kuzibwa kwa kalafati kimezoea kuishi majini. Kikikaa juu ya trela katika jua la Bonde la Ufa kwa wiki mbili, mbao hunywea, mishono huachana, na kikirudishwa ziwani huvuja hadi mbao zivimbe tena, huku mwenyewe akifua maji kwa mkebe. Ni kizito kwa gari dogo. Na siku ya kukiuza, wanaokijua thamani wako umbali wa zaidi ya kilomita 600.

Tuseme sasa mtu amejifunza, ameamua, na amepata Laser ya zamani inayouzwa. Ukaguzi wake hauhitaji mhandisi. Aanze na pale mlingoti unapoingia, kwani shimo hilo hubeba nguvu zote za tanga na ndilo hupasuka kwanza. Alijaze maji hadi juu na asubiri. Maji yakipungua bila ya kumwagika nje, yanaingia ndani ya mwili wa chombo, na siku moja ya upepo mlingoti utang'oka na kipande cha sitaha.

Kisha akibonyeze chombo kwa viganja, hasa pale ambapo mwendeshaji huketi. Panapobonyea kama godoro, tabaka za faibaglasi zimeachana. Afungue kizibo cha nyuma kinachotolea maji, apulize kwa mdomo tu, asitumie pampu ya magurudumu, huku mwenzake akipaka povu la sabuni kwenye mshono unaozunguka chombo. Penye viputo pana upenyo. Halafu watu wawili wakiinue. Kama kilo zile 59 zinahisi kama 80, povu lililomo ndani limekunywa maji, na hilo halikaushwi kwa jua la siku moja.

Milingoti huwekwa juu ya sakafu tambarare na kuviringishwa. Ulionyooka hutulia, uliopinda hurukaruka. Makapi, yaani yale magurudumu madogo yanayopitisha kamba, yanapaswa kuzunguka bila ya kukwama. Kuhusu tanga, asihadaike na weupe. Hapa tulipo karibu na Ikweta na juu ya milima, jua hula nyuzi za kitambaa hata kama hakijachanika. Tanga jipya hukwaruza na kulia kama karatasi ngumu linapokunjwa. Lililochakaa ni laini kama leso, halishiki umbo, na mwenye kulinunua amenunua pia gharama ya kuagiza jingine.

Aina hizi huwa na nambari ya usajili wa kiwandani iliyochongwa au kubandikwa kwenye mwili wa chombo, na nambari hiyo huandikwa pia juu ya tanga. Mbili hizo zisipolingana, pengine tanga lilinunuliwa mahali pengine na hakuna ubaya. Pengine pia chombo si cha anayekiuza. Ni swali la kuulizwa kwa adabu kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hati, na wengi ndipo wanapoteleza, kwa kuwa mashua inaonekana kama kitu cha michezo na hakuna anayedhani kwamba sheria ina haja nayo.

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, mtu hawezi kumpa mwingine miliki ambayo yeye mwenyewe hana. Sharti hilo linamlinda mnunuzi hata kama halikuandikwa. Kinga ya ubora, hata hivyo, kwa kawaida inamhusu muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Jirani anayekuuzia mashua yake mwenyewe si mfanyabiashara wa mashua. Akikwambia kwa nia njema kwamba haivuji, na ukaja kugundua kwamba inavuja, safari yako ya mahakamani itakuwa ndefu. Ndiyo maana yale maji ya kujaza shimoni yana thamani kuliko maneno.

Mtego mwingine ni ushuru. Miongoni mwa wamiliki wa mashua nchini kuna wageni waliokuja kufanya kazi, baadhi yao wakiwa na msamaha wa kutolipa ushuru kwa vitu walivyoingiza. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kitu kilichoingizwa kwa msamaha kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru hudaiwa. Mwenyewe huenda yumo ndani ya ndege wakati swali hilo linapoulizwa. Mnunuzi aombe kuona stakabadhi za forodha au barua inayoeleza chombo kilivyoingia nchini, na asipoonyeshwa, aendelee kutafuta.

Aidha, Sheria ya Usafiri wa Majini ya 2009 imeipa mamlaka ya ubaharia nchini, KMA, jukumu la usajili na usalama wa vyombo, na jukumu hilo halikomei Mombasa bali hufika maziwani. Kikosi cha walinzi wa pwani, kilichoanzishwa 2018, nacho kina kazi katika maji ya bara. Mnunuzi aulize kama chombo kimesajiliwa, kwa jina la nani, na nini kinachotakiwa ili jina libadilishwe. Ni afadhali kuuliza wakati muuzaji angali anaitaka pesa yako.

Baada ya kununua huanza gharama zisizotangazwa. Kuna ada ya klabu, mahali pa kuweka chombo, turubai, kamba, na mlinzi. Kuna barabara: kwenda na kurudi kati ya Milimani na Naivasha ni kilomita 140. Anayekwenda mara mbili kwa mwezi atasafiri kilomita 3,360 kwa mwaka, na kwa gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10, hizo ni lita 336 za petroli kabla ya tanga kutwekwa hata mara moja.

Hebu tupige hesabu ya kufikirika tu. Tuseme chombo kimenunuliwa kwa Sh250,000, kikatunzwa kwa Sh60,000 kila mwaka, na baada ya miaka mitatu kikauzwa kwa Sh180,000. Upungufu wa bei ni Sh70,000 na matunzo ni Sh180,000, jumla Sh250,000. Aliyekwenda majini mara mbili kwa mwezi ametoka mara 72, na kila safari imemgharimu karibu Sh3,500, mafuta kando. Aliyekwenda mara nne tu kwa mwaka ametoka mara 12, na kila safari imemla zaidi ya Sh20,800. Mtu anayebishana siku nzima ili apunguziwe Sh20,000 anaokoa thamani ya alasiri moja ya huyo mvivu.

Wengine hutafuta nafuu kwa kununua kwa ushirika. Wahenga walionya kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama, na katika jambo hili walisema kweli kwa maana ya moja kwa moja. Ushirika wa watu wawili wanaofahamiana unaweza kufaa sana, kwani chombo hutumika zaidi na gharama hugawanywa. Lakini uandikwe tangu mwanzo: nani analipia tanga likichanika mikononi mwa mmoja, zamu zinakwenda vipi, na zaidi ya yote, mmoja akihamishwa kikazi kwenda Garissa, mwenzake atamlipa fungu lake kwa bei ipi na kwa muda gani. Urafiki mwingi umevunjika juu ya kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya kuburudisha urafiki.

Kuna jambo jingine la soko hili ambalo halimo mikononi mwa mnunuzi, nalo ni maji yenyewe. Bei ya mashua hufuata afya ya ziwa lake. Wakazi wa Nairobi wenye umri mkubwa wanalikumbuka Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 karibu na barabara ya Lang'ata, na mashua za tanga zilizokuwa zikishindana pale mwishoni mwa wiki. Majitaka na gugumaji vililifunika bwawa hilo, na michezo ya majini ikafa. Mwenye mashua hapo hakuwa na kosa lolote. Chombo chake kilikuwa kizima, ila hakikuwa tena na mahali pa kwenda, na kitu cha namna hiyo hakina bei.

Naivasha halijafika huko, wala sibashiri kwamba litafika. Hata hivyo, gugumaji limo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na upepo unapogeuka, visiwa vyake vya kijani huja vikaziba gati kwa siku kadhaa. Mwaka 2009 kiangazi kiliyasogeza maji mbali na ufuo. Mwaka 2020 yakarudi kwa kishindo, yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto na kumeza magati na nyua kando ya ziwa. Mtu anayenunua chombo chepesi kilicho juu ya trela anaweza kukihamisha, kwenda Mombasa au Kisumu au ufuo mwingine wa Naivasha hiyo hiyo. Uwezo huo ni sehemu ya bei, na ndiyo sababu mashua isiyo na trela inapaswa kuuzwa rahisi kuliko mwenyewe apendavyo kuamini.

Basi siku ya kuuza ifike. Sababu za kawaida zinafahamika: goti, uhamisho, karo ya chuo kikuu. Kosa la kwanza la wauzaji ni kungoja. Mtu huacha kwenda majini, chombo hukaa chini ya mti kwa miaka miwili, turubai huchanika, maji ya mvua hujaa na nyuki hujenga ndani ya mlingoti, kisha mwenyewe huweka tangazo kwa bei aliyonunulia. Chombo kikongwe kinachotumika kila wiki hakishuki bei sana. Kinachoshusha bei ni kukaa.

Afadhali kuuza ungali unakiendesha. Mnunuzi aalikwe alasiri, si asubuhi, upepo ukiwepo, akione chombo kikitwekwa tanga mbele yake na aendeshe mwenyewe kama anaweza. Tangazo liseme aina, nambari, mwaka kama unajulikana, matanga mangapi na umri wake, kama kuna trela, na kasoro zote zinazojulikana. Picha ya chombo kikiwa majini na nyingine ya ile sehemu iliyozibwa zinatosha. Katika kundi dogo la watu wanaofahamiana, aliyeficha ufa kwa rangi mpya atajulikana kabla ya mwezi kuandama, na huenda akataka kurudi miongoni mwao siku moja.

Mahali pa kutangaza ni ubao wa klabu za Naivasha na Mombasa kwanza. Wageni wengi huhama katikati ya mwaka shule za kimataifa zinapofunga, na vyombo hujaa sokoni wakati huo. Anayenunua na aende wakati huo. Anayeuza, kama anaweza kusubiri, asubiri hadi Septemba wageni wapya wakishatulia na watoto wao wakaanza kuuliza watafanya nini Jumamosi.

Bei ipangwe kwa kutazama kilichouzwa, si kilichotangazwa. Matanga ya ziada yauzwe pamoja na chombo, kwa sababu peke yake yatachukua vumbi darini. Malipo yapitie benki au simu ili alama ibaki, na waandikishane hati ya mauziano ya ukurasa mmoja: majina na nambari za vitambulisho, nambari ya chombo, orodha ya vifaa, bei, tarehe, na kauli kwamba mnunuzi amekikagua na kukikubali kilivyo. Nakala mbili, mashahidi wawili.

Siku hiyo hiyo muuzaji aiarifu klabu, na KMA kama chombo kimesajiliwa, kwamba si chake tena. Chombo kikimgonga mvuvi wiki ijayo, jina litakalotafutwa ni lile lililoko kwenye daftari. Kizibo cha nyuma, ambacho ni kidogo kama kifuniko cha soda na hupotea kila chombo kinaposafirishwa, akitie mkononi mwa mnunuzi mwenyewe na amwonyeshe pa kukikaza kabla ya kukisukuma chombo majini.